Gari Limejaa

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje, na cherehani imekubali kutengenezeka au bado inakula uzi? Wanao wawili huku tu wazima: mimi mzima kabisa, na Kupe mzima pamoja na michubuko yake. Usishtuke, nitaeleza yote.

Najua umeshasikia redioni kwamba mwanao ameweka rekodi. Mama mdogo naye atakuwa ameshauliza ni rekodi gani hiyo, wakati miaka yote kijana hajaleta nyumbani hata kikombe cha kunywea chai. Mwambie hivi. Katika baiskeli za kulipwa kuna mbio ndefu za wiki tatu, mlima juu ya mlima, na kila mara wengi huishia njiani, huyu kaanguka, yule tumbo, mwingine roho tu imekataa. Kupe amezianza ishirini na mbili mfululizo na amezimaliza zote, huku kazi yake ikiwa ni kumpelekea nahodha wake maji. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Washindi hupatikana kila mwaka, mama. Wa namna hii amepatikana mmoja, na umemzaa wewe. Kutangulia si kufika, na mama mdogo akibisha, mwambie tena.

Wenzake walidhani Kupe ni jina la heshima la ukoo. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba ni mdudu, na kwamba ulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa habanduki kwenye gauni lako. Walicheka mpaka wakaangusha vijiko.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Nilikwambia nimepata udereva kwenye mbio, lakini sikukwambia wa gari gani. Ni gari la ufagio. Linakwenda nyuma ya msafara mzima, limefungwa ufagio wa kweli mlangoni, na kazi yake ni kuzoa walioshindwa. Mpanda baiskeli akiomba, nasimama, namfungulia, nambandua namba mgongoni, na mbio zake zimekwisha. Nimeipenda kazi hii, ingawa hakuna anayefurahi kuniona. Sheria yake ni moja tu: anayeomba kupanda hakataliwi.

Nawe siku ya kuondoka ulinishika mkono ukaniagiza kwamba nikimwona mdogo wangu amechoka nimpakie, rekodi watafute watoto wa wengine. Niliitikia, mama. Nilisema ndiyo.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mlima mkubwa kuliko yote, na mwisho wa mbio uko kileleni. Kupe alikuwa ameanguka siku iliyotangulia. Daktari alimkagua asubuhi akasema ni ngozi tu, mifupa iko salama, aendelee kama moyo unataka. Moyo ulitaka, ila miguu ilikuwa na mawazo yake. Mlima ulipoanza tu, wote wakamwacha, akabaki yeye na mimi nyuma yake. Na ujue, mshindi akishafika juu, saa inaanza kuhesabu, na atakayechelewa mno anafutwa kana kwamba hakuja. Kumtazama mdogo wangu mbele ya kioo akihangaika namna ile ni adhabu. Nilikuwa namsukuma kwa macho, huku mguu wangu ukikanyaga mafuta bila sababu.

Katikati ya mlima akasimama, akaegemea gari. Akasema nimfungulie, kwamba amefika mwisho wake, na kwamba mama ataelewa.

Hapa mama kaa chini kwanza, maana hili wakubwa wa mbio hawalijui. Mlango nilikuwa nimeshaufunga kwa ndani. Nilishusha kioo kidogo nikamwambia gari limejaa, hakuna hata pa kuweka kofia, asubiri jingine. Halipo jingine, mama, na yeye anajua. Akanitukana lile tusi ulilowahi kumsafishia mdomo kwa sabuni, akapanda baiskeli na kuondoka kwa hasira. Hasira ile ndiyo iliyopanda mlima. Nilimfuata nikilia na kucheka, nikiogopa kwamba nikikosea nitakuwa nimekuua wewe pia.

Alivuka mstari saa ikiwa karibu kumfungia mlango. Watu walishangilia kuliko walivyomshangilia mshindi, na mtangazaji alikauka sauti. Kupe hakuwasikiliza. Alikuja moja kwa moja kwangu, amekunja ngumi, akafungua mlango wa nyuma amwone nani aliyemzibia nafasi. Alikuta viti vitupu. Siku ile hakuna aliyeacha mbio, gari zima nilikuwa mimi peke yangu.

Aliviangalia sana vile viti. Kisha akaibandua namba yake mwenyewe, akanipa nikuletee, akajilaza kwenye kiti cha nyuma na viatu vyake na matope yake, akasema sasa nimpakie. Alilala kabla sijawasha gari.

Kwa hiyo agizo lako nimelitimiza, mama. Nimechelewa kidogo tu.

Nisalimie mama mdogo na majirani wote wenye redio. Namba iko humu ndani ya bahasha. Usiifue, jasho lake ni la kwako.

Mwanao mkubwa,
Dereva wa ufagio