Mtani Mlangoni

Chiriku wangu wa Makole, hujambo? Huku Chemba wazima wote, na mbuzi wetu kazaa mapacha! Umeuliza, kirusi kinasambaa, zaidi ya sabuni na unga uandae nini nyumbani. Mtu wa mlangoni, mjukuu wangu! Nikiwa msichana surua iliingia kijijini, nasi tuna kichanga ndani. Mama alishindwa kuwafukuza ndugu, akamwita mtani wetu, maana mtani hata akikutukana hununi. Akakaa mlangoni. Shangazi akaja kumwona mtoto.

"Rudi, mlafi wewe! Umefuata ugali!"

"Na wewe wamekufunga hapa badala ya mbwa?"

Shangazi akacheka, akaacha maziwa, akaondoka. Kichanga hakupata surua ile. Wewe je, ndugu unayemwonea haya akibisha hodi, utamweka nani mlangoni?