Ndege Iliyokuwa Nyuma Yako Kwenye Picha

Mama,

Nina hasira na wewe. Nimengoja wiki tatu zipoe, hazijapoa, kwa hiyo nakuandikia. Naandika kwa Kiswahili, lugha ya nyumba yetu, kwa sababu wewe ulikuwa Mjaluo na Baba Mkuria, na mimi na wewe hatukuwahi kugombana kwa lugha nyingine.

Tangu tukuzike, Chacha na mke wake ndio wanakaa kwenye nyumba ya Isebania. Walipokuwa wakipaka sebule rangi, kioo cha ile picha ya ndege kikavunjika. Ile ambayo wewe ni msichana, miguu peku, umeinua mti mrefu wenye kitambaa cheupe, unacheka, na nyuma yako ndege imeshuka chini kabisa, karibu iguse majani. Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba ilimleta askofu nawe ulikuwa unampungia. Chacha alishikilia kwamba ni ndege ya vita. Wewe ulisema tu, "Ndege tu hiyo, ilikuwa inapita," ukaenda zako jikoni.

Nikaipeleka Migori kwa Mzee Okelo, fundi wa fremu. Sikujua kwamba zamani alikuwa makanika wa ndege. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza huyu msichana ni nani. Nikamwambia ni mama yangu, ametutoka mwaka huu. Akanionyesha bomba jembamba chini ya mabawa, limetobolewa matundu mwanzo hadi mwisho, na ule weupe nyuma ya mkia ambao sisi miaka yote tuliuita wingu.

"Hii haibebi watu," akasema. "Hii ni ya kunyunyiza dawa ya wadudu. Na mama yako hapungii mtu. Anamwonyesha rubani mstari."

Akanieleza kwamba rubani akiwa juu haoni alipoishia, kwa hiyo mtu anasimama mwisho wa shamba na bendera. Ndege inamjia moja kwa moja, inampita juu ya kichwa huku inamwaga. Kisha yule mtu anasogea hatua chache, anainua bendera tena. Siku nzima.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda Oyugis kwa Aunty Pacifica, rafiki yako wa usichana, nikamwekea picha juu ya magunia yake ya maharagwe. Alilia kwanza, ndipo akasema. Kwamba kabla hamjaolewa mlifanya kazi pamoja kwenye shamba la pamba upande wa Homa Bay, karibu na ziwa. Kwamba wasichana wengine walitupa bendera wakalala chini ndege ilipokuja, na wewe hukulala hata siku moja. Kwamba jioni mlioga ziwani na ile harufu haikutoka. Kwamba kikohozi chako kilianzia pale. Ulipoposwa ukamwapisha asiseme, kwa sababu ulihofia watu wa Baba watasema mwanamke aliyelowa sumu hawezi kuzaa.

Sawa. Lakini ulizaa, Mama. Ulimzaa Chacha, ukanizaa mimi. Baada ya hapo ulikuwa unamficha nani?

Miaka kumi na tano nilikugombeza kwa sababu ya moshi wa kuni. Nilikununulia jiko la gesi, ukalifunika kitambaa ukaweka maua juu yake. Nilikwambia unajiua kwa ukaidi. Wewe ukainamisha kichwa kama mwenye makosa, ukasema, "Ni moshi tu, nyathina, mwanangu." Kwenye mazishi yako nikashika maikrofoni nikawaambia watu wote kwamba kuni ndizo zimemuua mama yangu, na kwamba alikataa kusikia. Aunty Pacifica alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa anajua.

Na daktari wa Homa Bay, unamkumbuka? Alikuuliza umewahi kufanya kazi gani. Nikakujibia mimi. Nikasema huyu ni mama wa nyumbani tu. Ulikuwa umekaa pale, mkoba mapajani. Ulinisikia. Ukanyamaza.

Sijui kama ni ile dawa. Mzee Okelo hajui, na sasa hakuna atakayejua. Ndiyo maana nina hasira. Tungeuliza. Labda madaktari wasingefanya lolote, lakini tungeuliza.

Nina hasira na yule mwenye shamba pia, aliyepiga picha kuringia ndege yake, halafu akakupa nakala kama zawadi. Na wewe ukaitundika. Nilimuuliza Aunty kwa nini. Akasema, "Aliipenda ile kazi, Boke. Wanaume walikuwa wanaacha majembe kumtazama." Hapo ndipo niliposhindwa. Nilitaka kuichana ile picha, lakini uso wako mle ndani una furaha ambayo mimi sikuwahi kuiona, hata siku ya harusi yangu.

Aunty naye anakohoa. Hospitali anawaambia ni moshi. Nilimwambia twende kwa yule daktari, akakataa, tukagombana mbele ya wateja wake hadi mmoja akaondoka bila maharagwe. Mwishowe amekubali. Tunakwenda Jumanne. Safari hii mimi nitanyamaza na yeye atasema mwenyewe alichofanya, na bendera, na harufu, yote. Akishindwa nitamshika mkono tungoje hadi aweze. Nakuahidi hilo.

Na Jumapili ya ukumbusho wako nitasimama tena mbele ya watu wale wale, niseme nilikosea.

Lala salama, Mama. Sijakusamehe bado. Desemba nitakuja kupalilia kaburi lako, na kama hasira zitakuwa bado zipo, nitakuja nazo hivyo hivyo.

Mwanao,
Boke