Baba Aligonga Bomba

Stockholm,
Jumatano, 11 Februari 1981

Kwa kaka yangu mpendwa Sixten,

Shikamoo kaka. Mgongo umepoa, au mgodi bado unakukumbusha kila asubuhi? Shemeji Ulrika na watoto hawajambo? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Najua ukiona mwandiko wangu utataka kuitia barua hii motoni. Isome kwanza, choma baadaye. Shemeji ndiye aliyenishauri niandike, kwa sababu kila nikipiga simu nikataja jina la baba, wewe unachukua koleo na kutoka kuzoa theluji ambayo, anasema, ulishaizoa. Yale niliyokuambia Jumamosi, kwamba baba aliisoma barua yako akanirudishia bila neno, yaweke kando kidogo.

Mji wenyewe sikuupenda. Baridi ya huku ni ya kinafiki. Kwetu Kiruna mtu anavaa, anatoka, anajua anapambana na nini. Hapa vipimo vinasema nyuzi tano tu chini ya sifuri, lakini upepo unatoka majini umelowa, unakupenya mpaka mifupani. Saa kumi alasiri taa zote zimewashwa. Siku ya kwanza nilimsalimu mama mmoja kwenye treni ya chini ya ardhi, akahama kiti! Wenzangu wa chuo niliosafiri nao walinicheka mpaka basi: “Marita, huku salamu ni kosa la jinai!”

Ijumaa alasiri niliwaacha makumbusho, nikaenda kwa baba na barua yako. Najua ilivyokutoa jasho. Miaka tisa tangu umwambie, siku ya maziko ya mama, asikanyage tena kwako, na miaka tisa hakukanyaga. Mwezi mzima uliandika ukichana, kisha ukaniapisha nimwombee msamaha wako ana kwa ana, barua niitie mkononi mwake.

Anakaa ghorofa ya tatu. Nilibonyeza kengele mara tatu, kimya. Halafu nikasikia bomba la joto, lile linalopita ghorofa zote, linagongwa mle ndani: ko, ko, ko. Nawe umekaa kwenye maghorofa ya kampuni, unajua maana yake. Unanipigia kelele, nyamaza, niache. Nikafungua tundu la barua mlangoni, ndani giza, nikaita kwamba ni mimi, Marita. Likagongwa tena, kwa nguvu zaidi.

Mama mmoja anayekaa chini yake, Ragnhild, alipanda ngazi kwa soksi tu, amenuna. “Umemsikia huyo? Tangu asubuhi ananigongea, na televisheni sijaiwasha! Hata chooni nanyata!” Nilipomwambia mimi ni binti yake, alinihurumia. Akasema pole mwanangu, mzee yule hapendi watu, na akaandika namba ya simu ya hosteli yetu. Nikashuka ngazi nikilia kwa hasira.

Jumapili uvumilivu ulimwisha Mama Ragnhild. Akamwandikia baba kikaratasi cha maonyo, maana huku watu hawagombani kwa mdomo, wanaandikiana. Alipofungua lile tundu akitumbukize, aliona magazeti ya siku tatu yamelala sakafuni. Akarudi na tochi. Akaona mguu.

Kaka, ni kiharusi; Mama Ragnhild aliponipigia hosteli, walikuwa wameshampeleka hospitali. Baba alianguka Ijumaa asubuhi. Upande mmoja ulikufa, ulimi haukusogea, mkono mmoja tu ndio uliofika kwenye bomba. Alikuwa anaita watu. Siku mbili nyumba nzima ilimsikia, na nyumba nzima ikajitahidi kunyamaza. Mama Ragnhild analia tangu Jumapili, anasema alivua viatu ili amridhishe.

Lakini yeye alikuwa hajui. Mimi nilimwita baba yangu, naye akanijibu, nikamgeuzia mgongo.

Na bado sijamaliza. Baba hakuisoma barua yako. Hakuiona. Tundu lilikuwa wazi mbele ya uso wangu, nilihitaji kuisukuma tu. Nikasema moyoni, mzee huyu hastahili, nikairudisha mfukoni. Jumamosi niliona aibu kukuambia nimeizuia kwa kisirani changu, ndipo nikakutungia ule uongo. Ukasema, “Basi, imekwisha,” ukakata simu. Haikwisha, Sixten. Mimi ndiye niliyeikata. Nichukie mimi, haki yako, ila baba hakukukataa.

Daktari anasema ni siku chache, hathubutu kusema wiki. Jana nilikaa kando ya kitanda nikamsomea barua yako yote, mpaka pale unapomwomba msamaha. Hawezi kusema. Nilipofika kwenye jina lako, jicho lake zima lilifunguka, likautazama mlango. Tangu jana hajaacha kuutazama. Nesi akiingia, baba analifumba; akitoka, analifumbua tena.

Usingoje kujibu barua hii, panda treni. Anwani ya hospitali nimeiandika nyuma ya bahasha: jengo la pili, chumba namba kumi na nne. Kama hutaki kuniona, nitakaa kwenye korido.

Nisalimie Ulrika sana, na wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Marita