Mvua ya Spika za Nyuma

Jumapili, jioni. Ukungu umeshuka hapa Mweiga tangu asubuhi na vidole vyangu vimekuwa baridi hata kuandika ni shida.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimwambia baba kwamba masikio yake ni mazuri, na si kweli.

Nieleze tangu mwanzo. Baba hukata miti kwa msumeno wa petroli. Mwenye shamba mmoja aliyekuwa akihama alimpa deki, spika tano, wufa moja ya besi na katoni ya diski za filamu, kama shukrani kwa kumwangushia mikaratusi iliyokuwa karibu na nyumba. Spika mbili za mbele na ile ya katikati ziko chini ya televisheni. Mbili za nyuma tulizipigilia ukutani nyuma ya kochi.

Diski nyingi kati ya hizo zina sauti ya aina mbili, unachagua kwa rimoti. Nilisoma kuhusu mifumo hiyo miwili mpaka simu ikaisha chaji. Yote hugawa sauti kwa spika zote, ila mmoja huibana sana ili nafasi ibaki kwa picha, na hutupa vile vitu ambavyo inadhaniwa sikio halitagundua vikiondolewa. Wa pili haubani sana, kwa hiyo unakula nafasi kubwa ya diski. Baba aliupa wa kwanza jina la mwembamba na wa pili akauita mnene. Huko mtandaoni watu wazima wanatukanana kwa sababu ya mifumo hii.

Mimi na baba si watu wa maneno. Mama anapika kwenye hoteli huko Kenol, na huja mwisho wa mwezi. Akiwa hayupo, nyumba hii inaweza kumaliza siku nzima bila sentensi ndefu. Basi mchezo wetu wa Jumapili ukawa ndio maongezi yetu. Baba anakaa kwenye kochi, anafumba macho. Mimi nasimama karibu na deki, naweka kipande kilekile mara mbili, na yeye anasema ni mwembamba au mnene.

Nilijaribu kuwa wa haki. Mnene mara nyingi hutoka kwa sauti ya juu kidogo, na sikio hudhani kilicho juu ndicho kizuri, kwa hiyo nilikuwa naupunguza kwanza ili ulingane na mwenzake.

Mara ya kwanza alipokosea nilimwambia amepata. Alitabasamu, na baba hatabasamu ovyo. Mara ya pili ikawa rahisi zaidi. Nilijituliza kwamba hata mafundi wa sauti hushindwa kuitofautisha ukiwafunika macho, jambo ambalo ni kweli, nililisoma. Ukweli huo niliutumia kama blanketi.

Lakini kulikuwa na dalili nyingine. Nikimwita kutoka jikoni haitiki. Televisheni inasikika mpaka kwa jirani. Na wiki jana Muriithi, anayefanya kazi na baba, alinisimamisha langoni.

"Wangari, babako amekuwa gogo," alisema akicheka. "Unamwita, unamwita, wapi. Hata gogo ukiligonga linalia."

Sikucheka, naye akaacha. Kazi ya Muriithi ni kuvuta kamba na kuangalia mti unaegemea wapi. Ukianza kugeuka anapiga kelele, na mwenye msumeno anakimbia. Ndivyo wanavyofanya kazi wote hapa, hawana kingine. Aliniambia kwamba siku hiyo mti uligeuka, akapiga kelele mpaka koo likauma, na baba hakusonga. Ulianguka pale alipokuwa amesimama. Alipona kwa sababu alikuwa amepiga hatua kando kuchukua mtungi wa petroli.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nikimwambia mzee hivyo, atatafuta mtu mwingine wa kamba."

Nilisema sawa. Sikumwambia.

Leo baada ya kanisa baba mwenyewe ndiye aliyewasha deki. Tuliweka ile filamu ya vita, mahali wanajeshi wanapita msituni na mvua inanyesha pande zote. Niliweka mwembamba. Nilihisi sauti imelala mbele yote, kama mtu amefunga mlango wa nyuma, lakini nilidhani ni mimi.

"Hiyo ni mnene," baba alisema, macho yamefumbwa. "Sikia vile mvua iko nyuma yangu."

Nilienda nyuma ya kochi. Niliweka sikio kwenye spika moja, kisha ya pili. Hakuna kitu. Niliinama nikaona panya wametafuna waya zote mbili, shaba inang'aa.

Hakukuwa na mvua nyuma yake.

Nilibaki nimepiga magoti hapo, nikitazama kisogo cha baba. Kitabu chetu cha Baiolojia kinasema ndani ya sikio kuna vinywele vidogo, na kelele nyingi ikiviua haviwezi kuota tena. Sauti nyembamba hupotea kwanza: ndege, mvua. Nadhani baba aliikumbuka tu mvua jinsi inavyokuwa, akaiweka mahali ilipopaswa kuwa. Ama alisema vile ili kunifurahisha. Sijui lipi linaniumiza zaidi.

Nilizima deki, nikaenda mbele yake ili aone mdomo wangu.

"Baba, spika za nyuma hazilii."

"Zinalia."

"Panya wamekata waya. Hazijalia hata kidogo."

Aligeuka akazitazama, akanyoosha mkono akaigusa moja. Kisha aliniuliza, "Na zile Jumapili zingine?"

"Ulikuwa unakosea."

"Zote?"

"Nyingi."

"Na wewe unaniambia nimepata."

Nilimwambia habari ya mti na ya Muriithi, na kwamba anaweza kupimwa masikio hospitalini Nyeri. Nilirudia mara mbili kwa sababu nilikuwa nalia na maneno hayakuwa yanatoka vizuri. Alinisikiliza akiangalia midomo yangu, na hapo ndipo nilipotambua kwamba ameniangalia hivyo kwa miaka.

"Maitu," alisema. Ananiita hivyo, mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Nikiweka huo msumeno chini, wewe utasoma na nini? Huo msitu naujua. Kesho naenda."

Aliingia chumbani. Nilimsikia akiinoa minyororo ya msumeno kwa tupa, polepole, jino baada ya jino.

Mimi ni mtu ambaye huogopa hata kuomba ruhusa darasani. Nilichukua simu ya baba mezani, nikampigia Muriithi. Aliitika, "Mzee, kesho mapema?" Nikamwambia ni Wangari. Nikamwambia baba hasikii, kwamba kesho asiende kuvuta kamba, na awaambie pia wale vijana wengine wa kamba wasiende, mpaka baba apimwe; bila mtu wa kamba hawezi kuangusha mti.

Muriithi akauliza kama mzee anajua nimepiga.

Tupa ilikuwa imenyamaza. Nilimwambia anajua, amesimama mlangoni, ananiangalia mdomo.