Nguo za Picha ya Posa

Kariakoo, Dar es Salaam
9 Machi 1931

Kwa dada yangu mpenzi Tatu,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na shemeji Sadalla na mwanenu, nikitaraji barua hii itawakuta huko Lindi mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua kila mvua ikinyesha, lakini hajaacha kuchoma vitumbua vyake hata siku moja, na wateja wa sokoni wanaamka naye. Barua yako niliipata tangu mwezi uliopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu utakayoiona humu.

Nianze na lililo jema. Muhiddin ameleta posa. Ni yule mwenye duka la nguo nyuma ya soko, anayeniuzia kofia ninazoshona. Miaka miwili amekuwa akinirudishia kofia akidai mshono haukunyooka, nami nazifumua huku namlaani, kumbe mwenzangu anatafuta sababu ya kuniona mara ya pili. Shangazi yake, Bi Mauza, ndiye aliyekuja kwetu na wanawake wenzake, na mama akawapokea vizuri kabisa.

Likabaki jambo moja. Mkubwa wa ukoo wao ni Mzee Suud, ammi yake Muhiddin, naye yuko Unguja na miguu haimruhusu tena kusafiri. Akaleta neno kwamba apelekewe picha ya binti, ameketi na mama aliyemzaa, kwa sababu mtoto hutazamwa kwa mama yake. Akiridhika, ndoa ifungwe mwezi ujao, mfungo pili.

Dada, unanijua nilivyo mbele ya kioo. Bi Mauza alileta kasha zima la nguo: gauni la hariri la zambarau, suruali ya marinda, ushungi wa kijani uliotariziwa, na mkufu mzito uliokuwa wa mama yake. Mimi nami nilikuwa na doti yangu mpya ya kanga. Siku tatu nilivaa na kuvua. Zambarau iling'aa lakini ilinizeesha. Kijani kilinipendeza, ila Bi Mauza akasema hakipatani na mkufu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akinitazama na kucheka, akasema hata bibi harusi wa sultani hakusumbua watu hivi.

Bi Mauza alipoondoka, mama akaenda chumbani, akarudi na nguo atakayovaa yeye. Ilikuwa ile kaniki nyeusi ya bibi.

Unaikumbuka. Imepauka mabegani, na upindo mmoja umeshonwa kwa uzi mweupe. Mama akaniambia kitu ambacho sijui kama aliwahi kukuambia wewe. Siku ya harusi yake, mabwana waliokuwa wakimmiliki bibi kule Kilwa walikuja kula walima, na kwa ajili yao bibi akaambiwa akae nyuma, pamoja na wapishi. Mama mzazi wa bibi harusi alikula jikoni, amejifunga kaniki hiyo. Mama akaapa kwamba siku atakapoposwa mtoto wake, nguo ile itakaa mbele. Ulipoolewa wewe, baba alikuwa hai naye akakataa. Safari hii hakuna wa kumkataza.

Nilijifanya natafuta pini.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Uhindini na Bi Mauza, kwa fundi wa picha, Mgoa mmoja aitwaye Aristides. Mwishowe nilivaa zambarau na ushungi wa kijani na mkufu juu yake, maana nilishindwa kuacha hata kimoja. Fundi alinitazama kwa adabu, akasema kwenye picha vyote viwili, zambarau na kijani, vitatoka rangi ya majivu, na kwamba nguo inayotoka vizuri kuliko zote ni nyeusi. Bi Mauza alicheka mpaka akatoka machozi. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikashika pumzi kama nilivyoambiwa. Kiti cha pili, alichokuwa amekiweka kando yangu, fundi akakiondoa.

Utaniuliza mama alikuwa wapi. Tangu mstari wa kwanza nimekuwa nikilizunguka swali hilo, na sasa sina pa kuzungukia.

Kwa akina Muhiddin hakuna aliyeniuliza asili yetu, nami sikuisema. Walituona watu wa Kilwa, wenye dini na heshima, wakajaza wenyewe yaliyobaki. Niliogopa kwamba Bi Mauza akiiona kaniki ile atajua mara moja kuwa ni vazi la watumwa, na Mzee Suud vilevile. Basi Alhamisi ile nilimwambia mama kuwa fundi wa picha anaumwa homa na shughuli imeahirishwa, nami naenda kwa Bi Mauza kumsaidia kushona. Mama alikuwa amekwisha vaa, amejipaka na wanja. Kwa Bi Mauza nikasema anayeumwa ni mama. Nilimweka mama yangu jikoni, dada, kama alivyowekwa mama yake. Tena yeye aliwekwa na mabwana, mama amewekwa na mwanawe.

Ijumaa mama akaniuliza fundi amepata nafuu gani. Nikasema bado. Akauliza kama ana mke wa kumpikia. Nikasema sijui, nikaendelea na kofia yangu.

Jumamosi nilirudi kutoka kisimani nikakuta hayupo. Alikuwa amepika uji wa tangawizi, akautia kwenye bakuli lenye kifuniko, akatoka na goti lake bovu, katika matope yale, kupita Mnazi Mmoja mpaka Uhindini, kumtazama mgonjwa.

Alirejea adhuhuri. Bakuli lilikuwa tupu na mkononi ana bahasha. Alikaa, akanyoosha mguu, akanipa bahasha nifungue. Ilikuwa picha yangu. Aliniambia fundi amepona, uji ameumaliza wote na ameshukuru. Akasema picha imetoka vizuri, niipeleke kwa Bi Mauza kabla meli haijaondoka. Aliingia ndani akabadili nguo, akaanza kupepeta mchele wa vitumbua vya kesho.

Ningefurahi zaidi kama angenipiga.

Jana nilikwenda dukani kwa Muhiddin, Bi Mauza naye yupo, nikawaeleza yote: bibi alikuwa nani, na mama hakuwa na homa. Bi Mauza akasema jambo hili hawezi kulikata yeye, litapelekwa kwa Mzee Suud. Alikuwa na haya zaidi kuliko hasira. Muhiddin alisema mzee ameagiza picha ya watu wawili, kwa hiyo hii ya mmoja haiendi, na yeye mwenyewe ataandika barua itakayokwenda pamoja na hiyo ya wawili ikipigwa. Jibu litakuwa nini sijui. Huenda nikabaki na kofia zangu, na hilo nitalistahimili.

Lililobaki gumu ni la mama. Nilipiga magoti mkekani nikamwomba radhi, nikamwambia Jumamosi hii twende wote wawili, avae apendavyo. Akaniambia nitume mtu kwanza akamuulize fundi kama Jumamosi atakuwa mzima, maana yeye uji wa pili hapiki. Nilicheka huku nalia, naye alinifuta uso kwa upindo wa nguo yake. Lakini neno la ndiyo hajalisema mpaka sasa, na sithubutu kumuuliza tena.

Mwandikie, dada. Usinitetee. Mwambie tu kwamba na wewe unaitaka picha hiyo, uitundike ukutani kwako ambapo kila aingiaye ataiona.

Mpe mkono shemeji Sadalla, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Majirani wote wanakusalimu. Mungu akulindeni na atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya na mwenye kukupenda,

Sitara