Nani Anauogesha Ukuta wa Mama?

Nyumbani kwangu,
Jumatano, tarehe 12,
saa nne asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, Profesa wa Matope,

Hujambo huko uliko? Yale mafua yamekuachia, au bado unakohoa kama trekta? Unakula, au bado unaishi kwa chai na mikate? Sisi huku wazima. Shemeji yako mzima, wapwa zako wazima na viatu haviwatoshi tena. Mama mzima mno, na huo uzima wake ndio ulionishikisha kalamu. Mimi ndiye mzima nusu. Kichwa kinanigonga tangu wiki iliyopita, na ukimaliza kusoma utajua wa kumlaumu. Anza na wewe mwenyewe.

Nimeandika kwa sababu simu yako haina maana. Usipopokea, uko maabara. Ukipokea, Mama yuko ubavuni kwangu ametega sikio, na humu kuna jambo lisilosemeka mbele yake. Yule mwenzako aliyekuja likizo anaondoka kesho. Nimemwapisha akukabidhi barua hii mkononi kabla ya mkutano wako wa tarehe ishirini.

Ndiyo, huo huo mkutano. Usithubutu kusimama mbele ya wahandisi na zile tarakimu za joto la nyumba ya Mama. Si za kweli. Soma tena: si za kweli. Na usianze kupaparika, kaa chini nikueleze.

Nyumba yenyewe haina kosa. Matofali yako ya udongo wa kushindilia, yasiyochomwa, yenye saruji kiduchu na majivu ya makapi ya mpunga, yamesimama imara. Fundi aliyeyacheka mwezi mzima akisema tunamjengea mzazi wetu chungu, siku hizi anapita na wateja kuwaonyesha kana kwamba wazo ni lake. Paa la tabaka mbili nalo linapitisha upepo vizuri. Balaa limetokea kwenye vile vidude vyako vyeupe vya kupima joto ulivyoagiza tuvibandike ukutani, Mama awe anakusomea kwa simu.

Mwezi uliopita nilikuta ukuta wa sebuleni umevimba, plasta inabanduka na ukungu umeota, pale pale kilipo kidude. Nikapandwa na hasira, nikamwita fundi. Nilimtolea maneno, mdogo wangu, ambayo mtu mwenye wajukuu hastahili kutolewa. Yeye akagonga juu, akagonga chini, akapapasa kwa kiganja. Mwisho akaniambia, "Binti yangu, ukuta huu hauvuji. Ukuta huu unaogeshwa."

Nilidhani mzee anatafuta pa kutokea. Akanivuta karibu nione: ule unyevu ulikuwa na kona nne, umenyooka, ukubwa wa taulo. Mvua gani hiyo inanyesha kwa umbo la taulo, tena ndani ya nyumba?

Basi Jumatatu ya wiki iliyopita nikaacha cherehani saa sita mchana, nikaingia kwa Mama bila hodi, Mungu anisamehe. Nikamkuta mama yetu, na magoti yale yale anayoyalalamikia kila siku, amepanda juu ya kigoda. Ameloweka taulo kwenye ndoo, analitandaza juu ya kidude taratibu kama anamfunika mtoto mwenye homa. Na mkono wa pili ameshika upepeo, anapepea. Haki ya Mungu, alikuwa anakipepea kipimajoto chako!

Unadhani alishtuka? Wapi! "Mwenzenu yuko kwenye mtihani," akasema. "Kama humsaidii, nipishe."

Kazi hiyo ameifanya kila siku, saa sita mpaka saa kumi, wiki kumi na tatu mfululizo. Unakumbuka zile nyuzi ishirini na sita ulizotupigia simu kushangilia, ukasema hata wakubwa zako hawajawahi kuona nyumba ya udongo ikipoa hivyo? Lilikuwa taulo.

Sasa niambie. Nani alimwambia mwanamke aliyekuwa akikufuata na chupa ya chai mpaka mlangoni pa chumba cha mtihani, kwamba nyumba ikipoa utafaulu na ikipata joto utafeli? Wewe! Kwenye simu, masikio yangu yakisikia, tena ukicheka. Ulitegemea asikie hivyo kisha akunje mikono? Jamani, umesoma udongo, umesoma joto, umesoma upepo, mama yako hukumsoma.

Nanung'unika kwa sababu jambo hili si mchezo. Ulisema mwenyewe kwamba wahandisi wakikubali vipimo vyako, ile wodi ya wazazi itajengwa vivyo hivyo, kuta zile zile, madirisha yale yale, bila mashine ya kupoza hewa. Watoto wa siku moja watalazwa humo. Nani atakwenda kuwalowekea taulo?

Tangu siku ile nasoma kidude mwenyewe kila saa nane mchana, na jana ilikuwa siku ya tisa. Nje, kivulini, thelathini na nne au tano. Sebuleni, thelathini na moja. Cha chumbani nilikihamishia kwa jirani yetu Mama Pacha, mwenye matofali ya kuchoma na bati linalogusa utosi. Thelathini na sita, na mwenyewe amejilaza sakafuni. Kwa hiyo nyumba yako ni nafuu ya kweli, ila si muujiza. Fundi anasema matundu ya hewa ya juu ni madogo, na upenu wa magharibi mfupi. Anasema angekwambia tangu siku ya kwanza, kama ungemuuliza. Hukumuuliza.

Mama nilimgombeza, siwezi kukuficha. Nilimwambia amekuponza, kwamba ungesimama mbele za watu na kusema uongo bila kujua. Akashuka kwenye kigoda, akakaa. Akalikamulia taulo ndani ya ndoo.

"Alisema vipimo vikikubali anamaliza mwaka huu," akaniambia. "Visipokubali anaanza upya, misimu miwili ya joto. Hayo ya mtihani siyajui mimi. Nilikuwa nahesabu misimu."

Nikaichukua ile ndoo, nikaenda kumwaga maji nje. Miaka sita hujakanyaga nyumbani, mdogo wangu.

Baadaye akanituma nikuandikie. La taulo, akasema, nikwambie lote, hata kama atachekwa. La misimu nisikwambie, usije ukaharakisha kazi ukaiharibu. Ndiyo hivyo, nimemwasi.

Shemeji yako anakusalimu sana. Wapwa zako wanauliza kama huko theluji inalika. Fundi anakusalimu pia, na ameniomba nikusisitizie kuhusu upenu. Mama Pacha anataka kujua lini utamjengea na yeye.

Zile wiki kumi na tatu zifute, waambie wahandisi ukweli, na uanze upya. Najua gharama yake ni misimu miwili. Lakini vidude lazima vihamishiwe ukuta mwingine, na hiyo kazi usimtume mtu. Njoo uifanye mwenyewe, hata kwa wiki mbili tu. Na ukifika, usimwambie Mama kwamba nilikuandikia neno lolote la misimu. Sema umekuja kuangalia ukuta.

Mungu akulinde njiani na akupe kinywa cha kusema kweli mbele ya wakubwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimefura hivi,

Dada Cherehani