Wifi na Mikanda ya Kifaransa

Jumamosi, 4 Mei

Wifi amekuja leo. Kaja na manukato yake, akakaa kiti cha mbele — kiti cha kaka yake! Miezi saba tu tangu nimzike mume wangu, na dada mtu ameshajipa nafasi.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Vichekesho vile vile vya Kifaransa, vya zamani, havina maneno: watu wanaanguka, milango inawapiga, kofia zinaruka. Marehemu alivikusanya miaka kumi na minane. Projekta ni moja, kwa hiyo kila mkanda ukiisha taa zinawashwa, nabadilisha, na watu wanapiga soga dakika kumi. Alizipenda soga hizo kuliko filamu zenyewe. Yeye mbele na watu, mimi nyuma na mashine.

Leo soga kaziongoza Wifi. Nilimsikia kupitia tundu la chumba cha mashine. Eti kaka yake alikuwa roho ya klabu hii ya filamu. Sawa. Eti mimi sijawahi kucheka hata siku moja, labda sielewi. Nani kamuuliza? Watu wakaangua kicheko. Namchukia.

Jumapili, 5 Mei

Ni kweli sijacheka. Nicheke saa ngapi? Macho yangu yako kwenye mkanda usikatike, kwenye taa isiungue. Ukutani sijatazama hata dakika tano mfululizo. Tukirudi nyumbani marehemu alikuwa ananiuliza, "Leo umecheka?" Namjibu, "Nilikuwa na mashine." Kila Jumamosi. Hakuchoka kuuliza, nami sikuchoka kujibu vile vile — mjinga mimi.

Lakini hayo ni yangu na yeye. Wifi hayamhusu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeharibu! Nilikuwa nimetega sikio tunduni, Wifi anamwambia mkutubi kwamba mikanda ni mali ya ukoo wao, na kwa hasira nikapachika mkanda wa tatu wa filamu kabla ya wa pili. Bwana wa godoro, yule wa kwenye filamu anayehangaika kulipandisha ngazini, akaonekana suruali imechanika makalioni, halafu baada ya mapumziko — suruali nzima! Nikaliona kosa langu. Nikaacha mkanda uendelee.

Hawakushtuka. Walicheka kuliko siku zote. Wifi akasimama kuwaeleza, kwa madaha, kwamba huo ndio ustadi wa Wafaransa, wanacheza na wakati. Nusura nimpigie makofi.

Ila fundi viatu, mtu ambaye hapitwi na mshono, akasema: mama, suruali haijishoni yenyewe. Akaja kwangu kusoma namba kwenye makopo ya mikanda, akarudi kuwatangazia. Wifi kaumbuka mbele za watu. Alinitazama kupitia tundu — jicho lile! Anadhani nimefanya makusudi. Laiti!

Jumatano, 15 Mei

Mkutubi kanipigia simu. Sauti ya upole, ya mtu anayekufukuza. Wifi ameziingiza filamu zote kwenye laptopu. Hakuna kubadilisha mikanda, hakuna kukosea. Jumamosi wanajaribu. Ikienda vizuri projekta inatolewa, chumba kinawekwa viti vibovu. Na mimi nakaribishwa kama mgeni.

Mgeni! Chumba nilichokifagia miaka yote hiyo. Ufunguo sirudishi.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika nikiwa chumba cha mashine. Nimejifungia.

Nilikaa mstari wa mbele, bega kwa bega na Wifi, salamu hakuna. Nimeapa sicheki. Bwana wa godoro anapanda ngazi. Kila akikutana na mwanamke anavua kofia kwa heshima, na godoro linamburuta mpaka chini. Anaanza upya. Mwanamke wa nne ni bibi asiyeona vizuri. Akalisalimia godoro! Na bwana, kafunikwa kabisa, mkono ukachomoza nyuma — ukavua kofia.

Kicheko kikanipanda. Nikauma mtandio. Kumbe ni hiki alichotaka marehemu nikione! Kila Jumamosi, hatua kumi tu mbele yangu. Nikatoka mbio. Nimecheka humu peke yangu mpaka machozi, na sasa ni machozi tu.

Ukumbi kimya. Nachungulia: laptopu imekwama, godoro limeganda katikati ya ngazi. Mkutubi anabonyeza kila kitu. Fundi viatu anasema aitwe mwenye mashine.

Viatu vya Wifi hivyo. Anagonga.

"Wifi." Anagonga tena. "Wifi, watu wanasubiri." Kisha, taratibu: "Wifi, nakuomba."

Maishani sijamsikia akiomba! Mkanda wa pili ninao mkononi, namba nimeisoma mara mbili. Lakini uso huu wa machozi hauoni ng'o. Namwambia asubiri.

Hajaondoka. Kaweka mdomo karibu na mlango.

"Nimekusikia," anasema. "Umecheka?"

Swali la kaka yake. Na siwezi kusema nilikuwa na mashine. Hata sijaiwasha.